Eti "alichanganyikiwa ghafla"

Baba akiua familia watu wanasema madeni yalimzidi, akili ikaruka ghafla. Mara nyingi sio hivyo. Mcheki John List wa New Jersey, Marekani, kazi ilikatika lakini kila asubuhi anaaga kama kawa, kumbe anaenda kukaa stesheni ya treni anasoma gazeti, huku anachota hela za mama yake benki kimyakimya. Novemba 1971 akaua mama, mke na watoto watatu, na akasimamisha maziwa na barua zilizokuwa zinaletwa nyumbani, shuleni akaandika watoto wamesafiri. Hiyo ghafla iko wapi? Kinachosukuma sio ukata wenyewe, ni aibu ya kuumbuka, plus kuona mke na watoto ni mali yake. List mwenyewe akatoroka, akabadili jina, akaoa tena (!), akadakwa 1989.