Miji midogo ya jirani na Chicago: tazama watu wanakwenda wapi asubuhi

Ukitaka kujua hatima ya mji mdogo wa Magharibi ya Kati ya Marekani, usianzie kwenye kuhesabu viwanda. Angalia wakazi wake wanaelekea wapi asubuhi. Serikali ya Marekani ina kipimo chake: kaunti ambayo angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wake huenda kazini kwenye kaunti za kitovu cha jiji, huhesabiwa kuwa ndani ya eneo la jiji hilo.

Mji wa karibu na jiji huishi kwa kumegewa shughuli za jiji hilo. Kenosha, jimboni Wisconsin, ilifungiwa kiwanda cha kuunganisha magari cha Chrysler mwaka 1988, ajira kama 5,500 zikapotea. Lakini treni ya abiria ya Chicago inafika pale na barabara kuu ya I-94 inapita kando, basi maghala yakafuata. Joliet, jimboni Illinois, iliyokuwa na wakazi 76,836 mwaka 1990, ilifikisha 150,362 mwaka 2020. Jirani yake, huko Elwood, bandari kavu ya reli, yaani kituo cha kuhamishia makontena kati ya treni na malori, ilifunguliwa mwaka 2002. Gharama yake ni malori. Uzito unaobebwa na ekseli (mhimili wa magurudumu) ukiongezeka maradufu, uharibifu wa lami huongezeka karibu mara 16, na kazi nyingi za maghalani ni za muda, kupitia mawakala.

Mji wa mbali una shida nyingine, na hii ndiyo inayotusumbua zaidi. Decatur, jimboni Illinois, ingali inasindika mahindi na soya, ila makao makuu ya ADM, kampuni kubwa ya usindikaji wa mazao, yalihamia Chicago mwaka 2014. Peoria, ya jimbo hilohilo, nayo iliyapoteza makao makuu ya Caterpillar, kampuni ya mitambo ya ujenzi, kuanzia 2017. Wanaohama na makao makuu ni wachache, lakini ndio wanaowapa kazi wanasheria na wahasibu wa mji.

Halmashauri nyingi hukosea zinapokopa kabla mwekezaji hajaajiri. Mwaka 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan inayounda vifaa vya elektroniki, iliahidi ajira 13,000 huko Mount Pleasant, jirani na Racine, jimboni Wisconsin. Mwaka 2021 zikashushwa hadi 1,454. Misamaha ya kodi ya jimbo ilifungwa kwenye ajira halisi, kwa hiyo hazina ya jimbo haikutoa yote iliyoahidi. Halmashauri ya Mount Pleasant, kwa upande wake, ilikwisha kukopa kwa ajili ya ardhi, barabara na mabomba. Kinga yake kubwa ilikuwa kifungu cha mkataba: kuanzia 2023, mwekezaji alipie kodi ya majengo kana kwamba mali yake ina thamani ya dola bilioni 1.4, awe amejenga au hajajenga.