Skauti kwa watoto wadogo ni kitu gani, na mtoto anapata nini humo

Ukimuuliza mtu hapa Tabora skauti ni nini, atakwambia ni wale watoto wa kaki na skafu wanaosimama pembeni ya barabara siku Mwenge ukipita, wanazuia watu wasisogelee magari, basi. Sasa mzazi mwenye mtoto wa darasa la pili akisikia mwanae anataka kujiunga, picha inayomjia ni kwata juani na kufokewa, wengine wanasema kabisa mwanangu sitaki aende jeshini kabla ya wakati. Nawaelewa, maana ndo kitu tunachokiona kwa nje. Lakini gwaride ni kipande kidogo tu cha skauti, na kwa watoto wadogo ni kidogo zaidi, yaani mtoto wa miaka saba anayefundishwa gwaride tu mwaka mzima huyo bado hajaonjeshwa skauti.

Skauti ni mpango wa malezi nje ya darasa. Mtoto anajifunza kwa kufanya, sio kwa kuandika ubaoni na kukariri, anafanya akiwa na wenzake kwenye kikundi kidogo, na mtu mzima yupo hapo karibu anaangalia ila hawafanyii kazi yao. Aliyeanzisha ni Robert Baden-Powell, Mwingereza, ni kweli alikuwa mwanajeshi na hapo ndo watu wanapochanganya, mwaka 1907 alichukua wavulana kama ishirini akaenda kupiga nao kambi kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, na makusudi kabisa akachanganya watoto wa wenye nazo na watoto wa wafanyakazi wa kawaida, wakalala kambi moja wakala chakula kimoja. Mambo yakashika kasi, wadogo zao nao wakawa wanang'ang'ania kufuata kaka zao, ndo mwaka 1916 ukaanzishwa mpango wa watoto wadogo wenyewe, hao ndo tunaowaita kabu. Kabu ni mtoto wa shule ya msingi ambaye hajafika miaka kumi na moja hivi, na michezo yake, mafundisho yake, hata ahadi yake vimepunguzwa vimtoshe. Baden-Powell mwenyewe uzeeni alihamia Kenya na amezikwa Nyeri, alifariki 1941. Na sisi wa Tabora tuna la kujivunia pia, Mwalimu Nyerere alipokuja kusoma Tabora School mwaka 1937 alikuwa skauti palepale shuleni.

Sasa faida. Mimi nikiulizwa moja tu naanza na kile kikundi kidogo, maana hapo ndo mzigo wote ulipo. Kabu wanagawanywa kwenye vikundi vya watoto kama sita, na kiongozi wa kila kikundi ni mtoto mwenzao. Angalia darasa zetu zilivyojaa, mtoto mpole anaweza kumaliza muhula mzima mwalimu hajasikia sauti yake, sio kwamba mwalimu ni mbaya ila hawezi kuwafikia wote. Kwenye kikundi cha watu sita hakuna kona ya kujificha, wewe leo ni wa maji, yule ni wa kamba, huyu anahesabu wenzake kabla hamjaondoka, ukisahau maji wote mnakaa na kiu na wenzako wanakuuliza wewe, sio mwalimu anakuuliza. Mtoto wa miaka nane akipewa kazi ambayo ni ya kweli, yaani isipofanyika kitu kinaharibika, anabadilika haraka kuliko kwa maneno elfu ya nyumbani. Sisi nyumbani tunawatuma kweli, nenda dukani, nenda kachote maji, lakini kutumwa na kukabidhiwa ni vitu viwili tofauti, anayetumwa anasubiri amri nyingine, anayekabidhiwa anaanza kufikiria mwenyewe.

Chukua fundo tu la kamba. Lile la kwanza wanalofundishwa la kuunganisha kamba mbili za unene mmoja, wanaimba huku wanafunga, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, vuta. Mtoto akikosea akarudia upande uleule mara mbili fundo linakaa upande upande, na ukilivuta linateleza, hapo hahitaji mtu amwambie amekosa, kamba yenyewe imeshamwambia, anafungua anaanza upya. Hakuna alama nyekundu kwenye daftari wala wa kumcheka kuwa amekuwa wa mwisho. Likikaa sawa ni bapa, zuri, na wanaonyeshwa kazi yake hapohapo, wanachukua skafu wanamfunga mwenzao mkono kama umevunjika, fundo linakaa pembeni ya shingo lisimuumize. Kwa hiyo siku moja kajifunza vidole, kajifunza subira na kajifunza huduma ya kwanza, na ukimuuliza jioni atakwambia tulikuwa tunacheza.

Na moto. Hili kwa watu wa huku naona ni muhimu kuliko hata fundo, sisi tumezungukwa na miombo, kiangazi majani yamekauka kau na kila mwaka misitu inaungua, mara nyingi ni moto wa mtu tu, mrina asali kaacha moshi, au mtu kasafisha shamba upepo ukamzidi. Kwenye skauti mtoto hawashi moto kabla hajafagia majani pale pote kuzunguka mpaka udongo uonekane, maji yawe pembeni tayari, na mtu mzima yupo. Wakimaliza wanamwaga maji, wanakoroga majivu, wanamwaga tena, kisha kiongozi anasogeza kiganja karibu kusikilizia kama bado kuna joto, likiwepo hawaondoki. Mtoto aliyezoeshwa hivyo akiwa mdogo akiwa mkubwa hawezi kupita pori la Uyui akaacha kijinga kinawaka nyuma yake.

Kuna wanaotaka ushahidi wa utafiti, upo. Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani walifuatilia kabu karibu 1,800 wa eneo la Philadelphia pamoja na watoto kama 400 ambao sio skauti, kwa muda wa karibu miaka mitatu, mwanzoni tabia zao zilikuwa hazitofautiani, mwishoni kabu walikuwa wamepanda kwenye uchangamfu, kusaidia wengine, upole, utii, uaminifu na kuwa na matumaini na kesho yao. Utafiti mwingine wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow ulitoka 2016, huo uliangalia watu karibu 10,000 wa Uingereza waliozaliwa Machi 1958, waliowahi kuwa skauti au girl guide (wale wa kike) utotoni walikuwa na uwezekano mdogo kwa kama asilimia 15 wa kusumbuliwa na wasiwasi au sonona wakiwa na miaka 50, na lile pengo la afya ya akili kati ya waliokulia kwenye shida na waliokulia kwenye nafuu lilipungua sana kwa waliopitia huko. Ni nchi za wenzetu ndio, ila hilo la mwisho mimi linanigusa sana, maana watoto wengi wa kwetu wanaanzia kwenye shida.

Kuhusu dini, wazazi wanauliza sana na ni haki yao. Ahadi ya skauti inamtaja Mungu, nchi na kusaidia watu, na Mungu huyo ni wa dini ya mtoto mwenyewe, Muislamu anaahidi kwa imani yake, Mkristo kwa yake, hakuna anayeondolewa kwenye ibada yake. Kaulimbiu yao ni Uwe Tayari. Kitu kimoja tu kitakushtua, maskauti wakisalimiana wao kwa wao wanapeana mkono wa kushoto, ni desturi yao dunia nzima, sasa mtoto wa Kinyamwezi akimpa bibi yake mkono wa kushoto si itakuwa kesi! Usimgombeze, mwambie tu huo ni wa kundini, kwa wakubwa ni kulia na shikamoo kama kawaida, wanaelewa haraka sana.

Ila sitaki nikudanganye kwamba kila kundi ni zuri. Kuna makundi yanakumbukwa siku ya sherehe tu, watoto wanasimamishwa juani masaa halafu soda moja, hiyo haina faida yoyote kwa mtoto mdogo. Kabla hujamwandikisha nenda mwenyewe siku ya mkutano wao ukakae uangalie. Wanacheza na kufanya vitu kwa vikundi, au mtu mmoja anafoka na wengine wamenyooka? Uliza kiongozi kasomea wapi uongozi wa skauti na kama kamishna wa skauti wa wilaya anamjua. Uliza wakienda kambi wanakwenda na watu wazima wangapi, wasichana wanalala wapi na nani, na usikubali kabisa mpango wowote unaomwacha mtoto peke yake na mtu mzima mmoja, hata awe anaheshimika vipi mtaani, kiongozi mzuri wala hatakasirika ukiuliza maana hata skauti yenyewe inakataza.

Kama shule ya mwanao haina kundi, mkusanyane wazazi wachache mwende kwa mwalimu mkuu, mara nyingi kinachokosekana ni mwalimu mmoja wa kujitolea na wazazi wa kumshika mkono. Na sare usikimbilie kununua. Mtoto anaanza na nguo zake za kawaida, anajifunza kwanza, skafu anavalishwa siku anapotoa ahadi.