Nani aliyezichoma ngome za Pfronten?

Ukitembelea magofu ya Bavaria kusini mwa Ujerumani, pale vilima vinapoanza kupanda kuelekea Alpi, utasikia sana kwamba ngome hizi zilibomolewa na Waswidi katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Kwa magofu matatu ya karibu na Pfronten, yaani Eisenberg, Hohenfreyberg na Falkenstein, sivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1646, vita vikikaribia kwisha, serikali ya Tirol, eneo jirani la Austria, iliamuru ngome hizo zichomwe moto ili adui akija asipate pa kujichimbia. Zikateketezwa na upande wao wenyewe. Na adui aliyeogopwa hakufika. Naona uchungu wa habari hii ni mkubwa kuliko ule wa hadithi ya kuzingirwa, na ndiyo maana nasisitiza isimuliwe kama ilivyo.

Eisenberg na Hohenfreyberg zimekaa juu ya vilima viwili jirani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukizitazama kuta nene za Hohenfreyberg utadhani ndiyo kongwe, kumbe Eisenberg imeitangulia kwa karne moja hivi. Hohenfreyberg ilianza kujengwa mwaka 1418 na Friedrich von Freyberg, aliyefuata mtindo wa kale uliokuwa umeshapitwa na wakati.

Falkenstein nayo ilinunuliwa na Mfalme Ludwig II wa Bavaria katika miaka ya 1880, akitaka kujenga kasri jipya mahali pake. Alifariki mwaka 1886 kabla ya ujenzi kuanza.