Wameru walifika Umoja wa Mataifa kabla ya TANU kuzaliwa

Nafundisha historia ya Tanganyika, na simulizi ninayoikuta kwa wanafunzi ni ileile: 7 Julai 1954 TANU inaanzishwa Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere anaongoza, 9 Desemba 1961 tunapata uhuru. Tarehe zote ni sahihi. Wanaokosekana ni wakulima na wafugaji wa Meru, na bila wao huwezi kueleza kwa nini siasa ya kudai haki ilishika moto mapema kule kaskazini.

Chanzo ni ardhi. Engare Nanyuki iko kaskazini mwa Mlima Meru, nayo ina malisho na maji ya kunyweshea mifugo. Sehemu yake ilikuwa imemegwa kuwa mashamba ya walowezi tangu enzi ya Wajerumani, na Wameru waliyanunua tena kwa fedha zao wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tume ya Jaji Mark Wilson ikapendekeza eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la Wazungu pekee. Wameru waende King'ori, nyanda za chini walikokuogopa kwa sababu ya ndigana ya ng'ombe na malaria.

Walikataa. Novemba 1951 serikali ikatuma polisi. Watu wapatao 3,000 wakatolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Yote hayo kupisha mashamba 13 ya walowezi. Wengi hawakwenda King'ori. Walihamia kwa ndugu zao mlimani.

Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi, kwa sababu hawakuishia kulalamika bomani. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Uingereza iliitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo uliwaruhusu wenyeji wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja New York. Wameru walikuwa na chama chao, Meru Citizens' Union, na wakampata wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wakachangishana. Mtu aliyechomewa nyumba yake alitoa fedha ili mwenzake apande ndege akaseme. Sijui mchango mzito kuliko huo katika historia yetu ya siasa.

Waliyemtuma ni Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, kwanza katika Baraza la Udhamini, kisha katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, iliyoshughulikia masuala ya nchi za udhamini. Kamati ilimwelewa na kupitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Lakini katika Baraza Kuu lenyewe azimio lilihitaji theluthi mbili ya kura, na hazikutimia. Ardhi haikurudishwa.

Kwa hiyo walishindwa? Kisheria, ndiyo. Kisiasa, naona waliishinda serikali. Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya dunia kwa jambo ambalo maofisa wake walilichukulia kuwa la wilaya moja tu. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akiwaeleza watu yaliyotokea Meru na New York, na watu wa mbali wakaanza kuona kwamba leo ni Engare Nanyuki, kesho ni kwao. Chama cha TAA, kilichozaa TANU, kiliikuta hamasa hiyo tayari. Machi 1955 Nyerere naye alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, akipita mlango uleule.

Kwa vijana wanaotafuta mada ya utafiti: nendeni Engare Nanyuki na King'ori mapema. Waliokuwa watoto 1951 sasa ni wazee sana. Msiwaulize tu kuhusu Kirilo, maana habari zake zimeandikwa. Ulizeni nani alikusanya michango, ilitunzwa wapi, na mama zao walilala wapi usiku ule wa kwanza.