Tovuti ni yako, lakini jina limeandikishwa kwa nani?

Kijana aliyemaliza skuli Chake Chake au Michenzani akisema anataka kujifunza kutengeneza tovuti, mara nyingi huambiwa kwanza awe mkali wa hesabu. Si kweli. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, haina hesabu. Ni alama za kuielekeza kompyuta kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, kipi ni picha. Fungua Notepad, andika <h1>Mwani wa Paje</h1>, na chini yake <p>Tunauza mwani mkavu na sabuni.</p> Hifadhi faili kwa jina index.html, kisha lifungue kwa Chrome. Huo tayari ni ukurasa, na hukutumia bando hata kidogo. Rangi na mpangilio ni kazi ya CSS. Kufikiri kwa hatua kama mtaalamu wa programu kutahitajika ukifika JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa utende kazi, na hapo utakuwa umeshazoea.

Dhana nyingine: WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ni bure, basi tovuti ni bure. Programu yenyewe ni bure kweli, tangu ilipotolewa 2003, na unaipakua wordpress.org. Lakini inahitaji seva (kompyuta ya kuhifadhia tovuti) ya kukodi na jina la tovuti la kulipia kila mwaka. Wordpress.com ni kitu kingine: huko unafungua akaunti, wao wanakuwekea seva, na ukitaka jina lako mwenyewe unalipia. Kwa kujifunzia, anza huko au Blogger, ambako hulipi kitu.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Wenye nyumba za wageni Jambiani na Nungwi wengi wanaamini kwamba ukishamlipa fundi, tovuti ni yako. Hapana. Tovuti ina vitu vitatu: jina (yaani domeni, kama la .co.tz), seva inayohifadhi mafaili, na kurasa zenyewe. Domeni iko mkononi mwa yule ambaye jina na barua pepe yake viko kwa msajili, yaani kampuni inayoandikisha majina. Fundi akiiandikisha kwa jina lake, kisha akahama au mkagombana, ankara ya mwaka inakwenda kwake. Isipolipwa, jina linazimika, na barua pepe za wageni zinazopitia jina hilo zinazimika nalo. Baadaye mtu mwingine anaweza kulinunua. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuzungumzia rangi na picha, fungua akaunti ya msajili kwa barua pepe yako, weka nywila yako, kisha mpe fundi ruhusa ya kuingia. Na wewe kijana unayejifunza kazi hii, mfanyie mteja hivyo hivyo hata kama hakuomba. Kushikilia jina la biashara ya mtu ili asikukimbie ni dhuluma.

Kuhusu picha, wengi hudhani kubwa ndiyo nzuri. Picha ya simu huweza kufika MB 4. Ukiweka kumi za ufukwe, mteja mwenye mtandao dhaifu ataondoka kabla hazijafunguka. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 hivi, chini ya KB 200 kila moja. Programu ya GIMP inafanya hivyo bila malipo.

Bila kompyuta je, haiwezekani? Kuandika makala na kuyachapisha, simu inatosha. Kupanga templeti (muundo wa kurasa) kwa simu kunachosha. Tafuta kompyuta ya kuazima kwa kazi hiyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba blogu haina sheria. Si kweli. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni hizo zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo anayetaka kuchapisha habari na matukio asiridhike na alichosikia barazani. Asome kanuni zinazotumika sasa au aulize TCRA kabla hajaanza.