Kamishna wa kilimo aliyepatikana kwa viapo

Kwetu Tanzania, waziri wa kilimo tunamjua siku Rais anapotangaza baraza. Hatumpigii kura, hatumbani jukwaani kuhusu bei ya mbolea, na akivurunda anayemwondoa ni yule yule aliyemteua. Kenya nako, anayeshika kilimo kwenye kaunti huteuliwa na gavana. Ndiyo maana nikiwaambia watu kwamba yako majimbo 12 ya Marekani ambako mkuu wa kilimo anachaguliwa na wananchi wa jimbo zima, ana mpinzani, ana mabango, anachangisha fedha za kampeni, wengi hudhani natania.

Majimbo yenyewe mengi ni ya kusini: Alabama, Florida, Georgia, Kentucky, Louisiana, Mississippi, North Carolina, South Carolina, Texas na West Virginia. Ukitoka huko unabaki na Iowa na North Dakota. Kwingineko, mkuu wa kilimo huteuliwa kama huku kwetu.

Kazi yangu ni mifumo ya kupigia na kuhesabia kura. Kilimo si fani yangu, mahindi nayafahamu zaidi yakishakuwa ugali. Lakini uchaguzi ninaoufundisha kuliko mwingine wowote ni wa Kamishna wa Kilimo wa North Carolina, mwaka 2004. Chaguzi kubwa za urais huzungumzwa sana, ila ni huu mdogo unaoonyesha vizuri kinachotokea kura ikipotea bila kuacha karatasi nyuma yake: hakuna fundi wala hakimu anayeweza kuirudisha, na mlango pekee unaobaki wazi ni ule unaomtaka mpiga kura aitoe hadharani siri yake.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike kugombea cheo hiki?

Idara ya kilimo ya North Carolina ilianzishwa mwaka 1877, wakati wakulima wa kusini walikuwa bado hawajainuka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukisoma majukumu yake ya mwanzo unacheka kidogo: kutafuta namna ya kuboresha ufugaji wa kondoo na kupunguza wanaouawa na mbwa, kuchunguza magonjwa ya mifugo, kupambana na wadudu, kukusanya takwimu za uzio wa mashamba. Halafu unafika kwenye mbolea, na hapo kicheko kinakwisha. Mkulima alikuwa akinunua mbolea ya dukani kwa mkopo wa mavuno yajayo, na gunia likiwa na mchanga mwingi kuliko mbolea, msimu umekwenda na deni limebaki. Aliyefuatilia sakata la mbolea feki Kenya mwaka 2024 hahitaji maelezo zaidi. Wakulima wa enzi ile walitaka mtu wa kukagua gunia, na baadaye wakataka mtu huyo awajibike kwao wenyewe kupitia sanduku la kura.

Leo ofisi hiyo imepanuka mno. Wakaguzi wake hupima kama lita ya petroli kwenye pampu ni lita kweli, hukagua mizani ya dukani, husimamia viuatilifu, afya ya mifugo na usalama wa vyakula. Mtu wa mjini asiyemiliki hata kuku anaguswa na kamishna huyu kila anapojaza mafuta. Kwa sisi tuliozoea kulalamikia lumbesa kila msimu, wazo la kumpigia kura mwenye mizani si la kubeza.

Na kuna Maonyesho ya Jimbo, kila Oktoba pale Raleigh. Fikiria Nane Nane, uongeze bembea, magurudumu ya kupanda na vyakula vya kukaanga vya kila namna. Idara ya kilimo ndiyo mwenye uwanja, kwa hiyo kamishna ana usemi juu ya nani apate zabuni ya bembea. Zabuni hiyo ina fedha nyingi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mwaka 2000 alichaguliwa Meg Scott Phipps, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho jimboni, na mtoto wa nyumba kubwa kisiasa: babu yake, Kerr Scott, alikuwa kamishna wa kilimo kabla ya kuwa gavana, na baba yake, Bob Scott, naye alikuwa gavana. Uchunguzi ulifichua fedha haramu za kampeni kutoka kwa watu wa biashara ya bembea waliokuwa wakitaka kazi kwenye Maonyesho. Alijiuzulu mwaka 2003 na akaishia gerezani. Gavana Mike Easley, wa chama cha Democratic, akamteua Britt Cobb, mtu aliyeijua idara hiyo kutoka ndani, azibe pengo.

Mwaka 2004 Cobb akasimama kutetea kiti. Mpinzani wake wa Republican alikuwa Steve Troxler, mkulima wa tumbaku wa Browns Summit. Zilipigwa zaidi ya kura milioni 3 katika kinyang'anyiro hicho. Hesabu ilipotulia, Troxler alikuwa mbele kwa kura 2,287. Hiyo ni chini ya kura moja katika kila 1,000.

Sasa twende Carteret, kaunti ya pwani, makao yake makuu Beaufort, wavuvi na watalii. Kaunti hiyo ilitumia mitambo ya kampuni ya UniLect: unagusa, kura inaingia kwenye kumbukumbu ya mtambo, hakuna karatasi inayotoka. Kwa ajili ya upigaji kura wa mapema waliweka mtambo mmoja tu wa kuhifadhi kura, kwa sababu walikuwa wameambiwa unabeba kura 10,500. Kumbe ulikuwa umewekewa kikomo cha kura 3,005.

Ukweli wa kiufundi ninaotaka uukazie macho ni huu. Kura ya 3,005 ilipoingia, mtambo haukuzima. Ulikuwa na onyo la kusema kumbukumbu imejaa, lakini uliendelea kumpokea mpiga kura, ukamwachia achague, ukamwachia amalize, naye akatoka nje akiamini amepiga kura. Watu 4,438 walipita hivyo. Daftari la mezani lilikuwa na majina yao, kwa hiyo ilijulikana vizuri ni nani. Walichochagua hakikuandikwa popote. Hapakuwa na cha kufukua kwenye diski wala cha kuhesabu upya, kwa sababu kwenye mashine kura hizo hazikuwahi kuwepo.

Nimeshakaa na mafundi wa mitambo ya namna hii, na huwa wananiambia kwamba kilichokosewa pale ni mpangilio, mashine yenyewe ilikuwa nzima. Sikubaliani nao. Kifaa cha kura kinachoendelea kupokea baada ya kujaa kimebuniwa vibaya, hata kama kila waya uko mahali pake. ATM ikiishiwa noti inakataa kadi, haikupi risiti ya hewa.

Sasa tupige hesabu, maana kesi nzima iko hapa. Kura 4,438 ni nyingi kuliko pengo la 2,287, kwa hiyo kinadharia Cobb angeweza kushinda. Angehitaji nini? Tuseme kila mmoja wa wale 4,438 alimchagua mmoja wa wagombea hawa wawili. Troxler akipata 1,075 kati yao, Cobb anapata 3,363, yaani 2,288 zaidi, na anashinda jimbo zima kwa kura moja. Troxler akipata 1,076, Cobb anapata 3,362, tofauti ni 2,286, na Troxler ndiye anayeshinda kwa kura moja. Mstari uko hapo hapo, kati ya 1,075 na 1,076. Na hiyo ndiyo hali mbaya kabisa kwa Troxler, kwa sababu katika uchaguzi wa kweli wako watu wanaoruka kipengele cha kilimo bila kuchagua yeyote, na kila anayeruka anampunguzia Cobb nafasi.

Carteret ni ngome ya Republican. Mtu yeyote mwenye akili timamu angebashiri kwamba Troxler alipata zaidi ya robo ya kura zile. Lakini huwezi kumwapisha mtu kwa ubashiri, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Nakiri hapa ndipo wanafunzi wangu hugawanyika, na nusu ya darasa huona huo ni ukaidi wa wanasheria.

Bodi ya Uchaguzi ya jimbo ilikuwa na wajumbe 5, watatu wa chama cha gavana na wawili wa chama kingine, na sheria ilitaka wanne wakubaliane ndipo uchaguzi mpya uitishwe. Kwanza iliamua uchaguzi urudiwe Carteret peke yake, kwa wale waliopotezewa kura pamoja na ambao hawakuwa wamepiga kabisa. Fikiria umepewa karatasi ya kura huku ukijua kwamba jimbo zima limeshamaliza na linakusubiri wewe. Vyama vyote viwili vingehamishia fedha zao na magari yao kwenye kaunti moja, na mtu ambaye Novemba hakuona haja ya kutoka nyumbani angegeuka ghafla kuwa mwenye turufu. Mahakama ililitupa agizo hilo. Bodi ikageuka na kutaka uchaguzi wa kilimo urudiwe jimbo zima. Januari 2005 mahakama ikalitupa na hilo pia.

Upande wa Troxler haukukaa kusubiri. Watu wake walikwenda Carteret na orodha ya wale 4,438, wakawatafuta mmoja mmoja, na kumwomba kila aliyemchagua Troxler atie saini hati ya kiapo kwamba alipiga kura siku fulani na kwamba alimpigia Troxler. Hawakuhitaji wote. Walihitaji 1,076. Walikusanya zaidi ya 1,300.

Mwanzoni mwa Februari 2005 Cobb alikubali kushindwa, na Troxler akaapishwa siku chache baadaye. Hakuna hukumu iliyotamka kwamba kiapo ni sawa na kura. Mpinzani alitazama namba, akaona mlango umefungwa, akaondoka, na kwa hilo namheshimu. Mwaka ule ule, kiti cha msimamizi wa elimu wa jimbo hilo hilo kilibishaniwa hadi Agosti, kikaamuliwa na bunge la jimbo.

Mimi viapo vile bado vinanikera. Kura ya siri ipo ili bosi, mume, mchungaji au mwenyekiti wa mtaa asiweze kukuuliza ulimpigia nani akapata jibu lenye ushahidi. Hapa kampeni ya mgombea ilibisha hodi mlangoni ikiuliza swali hilo hilo, na jibu likawa hati ya kisheria yenye jina lako. Wengi walisaini kwa moyo mkunjufu, sina shaka, walitaka kura yao ihesabike. Je, jirani yao aliyempigia Cobb katika mtaa wa watu wa Troxler alijisikiaje walipopita na kalamu? Halafu kiapo hakipimiki, maana kuna anayekumbuka vibaya na kuna anayesema uongo, na huna karatasi ya kumlinganisha nayo. Pamoja na hayo yote, kwa hali ilivyokuwa, sioni njia nyingine iliyokuwa na afadhali.

Agosti 2005 jimbo lilitunga sheria: kila mfumo wa kura lazima uache rekodi ya karatasi ambayo mpiga kura mwenyewe ameiona, na baada ya kila uchaguzi sampuli ihesabiwe kwa mkono na macho ilinganishwe na mashine. Sheria hiyo iliwataka pia wauzaji wakabidhi programu zao ziweze kukaguliwa. Diebold, mojawapo ya kampuni kubwa za biashara hiyo wakati ule, iliona heri ijiondoe jimboni kuliko kukubali sharti hilo.

Faida ya karatasi ilionekana Florida mwaka 2018, tena kwenye cheo hicho hicho. Usiku wa uchaguzi Matt Caldwell wa Republican alikuwa mbele, kura zilizobaki zilipoingia Nikki Fried wa Democratic akampita, na pengo likawa dogo kiasi cha sheria kulazimisha kuhesabu upya kwa mashine, kisha kwa mkono zile ambazo mashine haikuzielewa. Fried alishinda kwa kura 6,753 kati ya takriban milioni 8. Palikuwa na kelele na mashtaka, ila hakuna aliyetumwa kugonga milango. Kichekesho cha mwaka ule kilikuwa kaunti ya Broward, ambako karatasi ya kura ilipangwa vibaya hata kipengele cha useneta kikafichwa chini ya maelekezo kwenye kona ya kushoto. Watu wengi wakakiruka, na kilimo kikapata kura nyingi kuliko useneta wa Marekani.

Nikiitwa kutoa ushauri kabla ya uchaguzi, huwa naomba nione kitabu cha majaribio ya mitambo. Mara nyingi nakuta wameingiza kura chache za mfano, pengine 50, jumla ikalingana, wakatia saini na kufunga lakiri. Jaribio hilo linaonyesha kama mashine inajumlisha sawasawa, ila halikuonyeshi itafanya nini ikijaa. Mtambo wa Carteret ungefaulu jaribio la kura 50 bila tatizo, na ungefaulu la kura 3,000 pia. Ili kasoro ionekane, mtu alipaswa kukaa kwenye stoo na kuendelea kuingiza kura hadi ya 3,006, kisha afungue ripoti na kusoma jumla. Ni kazi ya kuchosha, na hiyo ndiyo ninayoanza kuwapa.