Je, kubadilisha hodhi kuukuu la bafuni hupandisha bei ya nyumba?

Mwenye nyumba akishaamua kuuza, huanza kuizungukia kama mgeni. Sebule ni safi, jiko linapendeza, ila bafuni anasita mlangoni. Hodhi la kuogea limechujuka, weupe wake umekuwa manjano, na pale bomba linapodondosha tone moja moja pameota mstari wa kutu. Nikiling'oa na kuweka jipya, anajiuliza, bei itapanda?

Itapanda kidogo sana, kama itapanda. Faida ya hodhi jipya iko kwingine: humwondolea mnunuzi shaka, na shaka ndiyo inayoshusha bei.

Mthamini hufanya kazi kwa kulinganisha. Hutazama nyumba zinazofanana na hiyo zilizouzwa karibuni katika eneo hilo, ukubwa wake, idadi ya vyumba na mabafu, na hali yake kwa jumla. Hodhi huingia katika hiyo "hali kwa jumla" pamoja na paa, nyaya na sakafu. Likiwa jipya katikati ya vigae vilivyopasuka, halimsogezi mthamini hata hatua moja.

Mnunuzi husoma kwa namna yake. Akiona kutu kwenye tundu la kutolea maji, mawazo yanakimbilia asivyoviona: kama hili liliachwa hivi, mabomba ya ndani ya ukuta yakoje? Kisha anakadiria matengenezo, na makadirio ya mtu mwenye hofu huwa juu kuliko ya fundi. Hicho kiasi anakikata kwenye bei atakayotaja. Kwa hiyo hodhi baya kweli linaweza kumgharimu muuzaji zaidi ya bei ya hodhi jipya.

Tatizo ni kwamba hodhi haling'oki peke yake. Lile lililojengewa ukutani huwekwa kabla ya vigae, na ukingo wake umefunikwa na safu yao ya chini. Kulitoa ni kuivunja safu hiyo. La chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huwa na uzito wa kilo 100 na zaidi, ndiyo maana mafundi wengi hulipasua kwa nyundo humo humo bafuni. Tundu la jipya nalo huenda lisikutane na bomba lililopo. Vigae vya kuziba pengo havifanani na vya zamani, mtu anaamua kubadilisha vyote, na kazi ya hodhi imegeuka ukarabati wa bafu zima. Kwa kawaida ukarabati huo haurudishi fedha zote ulizokula siku nyumba inapouzwa.

Tena ukuukuu si ubaya. Mwaka 1883 huko Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alichukua birika la chuma la kunyweshea mifugo, akalipasha moto mkali na kulinyunyizia unga wa enameli. Likiwekewa miguu minne, likafaa kuwa hodhi la kuogea. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na ikitunzwa hukaa miongo mingi. Mahodhi ya zamani yenye miguu hutafutwa na wapenzi wa nyumba za kale. Mtu akimiliki la namna hiyo, lenye enameli nzima, akalitupa ili aweke la plastiki, naona amejinyima.

Enameli iliyochakaa juu juu tu inaweza kupakwa upya kwa epoksi au poliurethani, rangi ngumu za plastiki. Gharama yake ni ndogo kuliko kubadilisha, na hodhi hung'aa tena. Ila rangi hiyo haikuchomwa kama enameli ya kwanza, hivyo baada ya miaka kadhaa huanza kubanduka, na haraka zaidi kama uso haukusafishwa vizuri kabla ya kupakwa.

Kuna wanaoliondoa kabisa ili waweke bafu la manyunyu. Kwenye nyumba yenye mabafu mawili, haina neno. Kama hodhi ni hilo moja tu, fikiri mara mbili, maana wenye watoto wadogo wengi hutaka mahali pa kuwaogeshea.

Kabla ya uamuzi wowote, kagua chini yake. Sakafu inayobonyea, harufu ya ukungu au doa kwenye dari ya chumba cha chini ni dalili za uvujaji, na huo ndio wenye uzito kwa mnunuzi kuliko rangi ya hodhi. Mara nyingi maji hupenya kwenye ungio la hodhi na ukuta. Lita 150 za maji ni kilo 150. Hodhi linapojaa hushuka kidogo na ungio hufunguka. Kwa hiyo jaza hodhi maji kwanza, paka silikoni (gundi laini ya kuzibia) kwenye ungio hilo, na usiyatoe maji mpaka iwe imekauka.